Mzee Gasto na Koo la Mjukuu Wake

Baba mkwe wangu, Mzee Gasto, hajawahi kumaliza kupalilia shamba lake mwenyewe. Ukipita Kinampanda mwezi wa pili ukaona alizeti zimezama kwenye majani hadi shingoni, usiulize ni za nani. Na bado nyumbani kwake hakujawahi kukosekana chakula. Watu wanampelekea kuku, wanampelekea uwele, wanakwenda kumlimia na watoto migongoni, kwa sababu Mzee Gasto anakata vimeo.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia mwisho wa koo. Mungu alikiweka kwa kila mtu, lakini huku kwetu ni kama alikosea. Mtoto akikohoa, ni kimeo. Akitapika, akikonda, akikataa ziwa, ni kimeo. Anapelekwa kwa fundi, fundi anakiondoa, na mtoto akipona watu wanamsifu fundi. Asipopona wanasema mama alichelewa kumleta.

Ufundi huo Gasto hakuurithi. Yeye husema alioteshwa. Marehemu mama mkwe wangu aliwahi kunieleza tukiwa tunapepeta, akicheka mpaka anashika kiuno: mzee alikwenda Kinyangiri kununua mbuzi, bei ikamshinda, akakaa siku kumi na mbili kwa mwenyeji aliyekuwa mkata vimeo. Mbuzi alimkosa, akarudi na ufundi.

Vyombo vyake ni viwili. Kisu chembamba kilichopinda mbele kama kucha ya kuku, na kijiti chenye panda cha kukandamizia ulimi. Anavifunga kwenye kitambaa cheupe cha kanisani, maana yeye ni mzee wa kanisa, na kabla ya kukata huomba. Huomba sala ndefu, ili damu ikizidi lawama iende juu. Akimaliza hupaka majivu na asali, hunawa mikono, huuliza kuku amefungwa wapi. Na jino lilipomuuma yeye mwenyewe mwaka juzi, hakujipaka majivu. Alipanda pikipiki asubuhi na mapema hadi hospitali Kiomboi, akarudi na pamba mdomoni, na baada ya siku mbili akawa anasimulia kwamba daktari wa meno alimwomba ushauri.

Huyo ndiye mtu ambaye ukoo mzima ulikuwa unamsikiliza. Mume wangu Isaka alikuwa hawezi kununua hata jembe bila kusema, "Ngoja nimuulize Baba." Alipokwenda Kahama kutafuta maisha hakumuuliza mtu. Aliyapata maisha, na mwanamke ndani yake, na mimi nikabaki kwa baba yake nikipalilia zile alizeti ambazo wagonjwa hawakuzimaliza.

Nilibaki na Dorika. Alipewa jina la mama yake Gasto, kama desturi ilivyo. Alipokuwa na miezi minne alikohoa juma zima, na babu yake akasema ni kimeo. Mimi ndiye niliyemshika. Nilimkalisha mapajani, mikono yake midogo nimeibana chini ya yangu, nikatazama pembeni. Kwa siku ile simlaumu Gasto peke yake. Baada ya hapo uji ulikuwa ukimpanda puani akinywa haraka, na Gasto akasema hiyo ni njia ya ugonjwa kutoka.

Alipofika miaka minne akaanza kukoroma. Si kukoroma kwa mtoto mwenye mafua. Alikoroma kama mtu anayeburuta gogo kwenye changarawe. Mdomo wazi, kichwa kimerudi nyuma, shingo imenyooka kama anatafuta kitu juu ya paa. Na jamaa zake wakafurahi. Yule bibi aliyemwachia jina alikuwa anakoroma hivyo hivyo, kijiji kizima kilikuwa kinajua, kwa hiyo wakasema bibi amerudi.

Walifurahi mpaka wakawa wanakaribisha wageni. Jumapili baada ya ibada, Dorika akisinzia kwenye mkeka, maana alikuwa anasinzia kila alipokaa, Gasto alikuwa anawaita wenzake. "Njooni msikilize mama yangu." Wazee walisimama na vikombe vya chai wakamsikiliza mtoto akikoroma, wakacheka kwa heshima kama watu waliokwenda kusalimia.

Mimi nilikuwa naona ambalo wao hawakuona, kwa sababu wao walisikiliza mlio tu. Mlio ulikuwa unakatika. Kifua kinavutwa ndani, tumbo linapanda, mbavu zinajichora, lakini hewa haipiti. Kimya. Kisha anashtuka, anavuta pumzi kama aliyetolewa mtoni, anageuka, anaanza upya. Nilimwambia Gasto.

"Shikamoo Baba. Mtoto anakata pumzi akilala."

"Marahaba. Hakati. Anapumzika."

"Anapumzika kupumua?"

"Hata Bibi alikuwa hivyo. Na alizikwa na miaka themanini."

Ukibishana na mtu wa namna hii unajichosha. Dorika akaanza darasa la kwanza, mdogo kuliko wenzake wote, anakojoa kitandani, anasinzia darasani. Mwalimu wake, Mwalimu Severina, aliniita shuleni. Nilikwenda nikidhani atanisema kwa ajili ya sare.

"Mama Dorika, huyu mtoto analala saa ngapi?"

"Anawahi kuliko kuku, Mwalimu."

"Basi halali. Anafumba macho tu. Mpeleke hospitali, na usimpitishe kwa babu."

Alisema vile bila kutabasamu. Kesho yake nilikwenda Kiomboi.

Daktari aliyetupokea aliitwa Edward, kijana mwenye subira. Aliwasha tochi akamwambia Dorika afungue mdomo. Kisha akaniita na mimi nitazame. Kila upande wa koo kulikuwa na uvimbe mwekundu mkubwa kama tunda la kungu, pande mbili zimekaribia kugusana. Katikati, mahali pa kimeo, hapakuwa na kitu isipokuwa kovu.

"Haya ya pembeni ni mafindofindo," akasema. "Kila mtu anayo, ila ya huyu yamekua kupita kiasi. Na nadhani nyuma ya pua ana nyama nyingine zimeziba. Akiwa macho anajitahidi. Akilala misuli inalegea, njia inafunga. Kimeo alikata nani?"

"Babu yake."

"Kwa sababu gani?"

"Alikohoa."

Aliandika. Alituambia tusubiri kwenye benchi, na Dorika akafanya kazi yake: akalala. Edward akatoka ndani mwenyewe, akambana kidoleni kwa kibanio chenye taa cha kupimia hewa ya mwilini, akasimama akimtazama. Mlio ukakatika. Namba kwenye kibanio zikaanza kushuka. Mimi kusoma sijui, lakini namba nazijua, na nilijua ya pili ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Mtoto aliposhtuka na kuvuta hewa zikapanda tena.

"Umeshaona hii mara ngapi nyumbani?" akaniuliza.

"Mwaka wa tatu huu."

"Wewe ndiye mtu wa kwanza aliyetazama," akasema. Maneno hayo nimeyaweka, kwa sababu ni machache niliyowahi kupewa.

Akanieleza. Dawa ya jambo hili kwa mtoto mwenye mafindofindo makubwa namna ile ni kuyatoa, pamoja na zile nyama za nyuma ya pua. Wengi wakishatolewa hulala vizuri. Na bahati ilikuwa kwamba juma lililofuata madaktari bingwa wa masikio, pua na koo walikuwa wanakuja kufanya kazi siku tano. Akaandika jina la Dorika Jumatano. Tufike Jumanne. "Asiwe na homa, asiwe na kidonda kooni. Akiwa navyo hawatamgusa."

Nilirudi Kinampanda nikamweleza Gasto, kwa kuwa nilikuwa bado mjinga wa heshima.

Alinisikiliza akichokonoa meno. "Mafindofindo," akasema, akilitafuna lile neno. "Hilo ni jina la mjini. Kimeo kimeota tena."

"Baba, nimeona kwa macho yangu. Hakuna kimeo. Kuna kovu."

"Wewe umeona. Mimi nimekata watoto mia tatu, wewe umeona."

"Daktari amesema asiguswe koo kabla ya Jumatano."

"Nani kamgusa?" akasema. "Nenda kapike."

Jumatatu nilikwenda mashine kusaga, kwa ajili ya unga wa kukaa hospitali. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilimkuta Dorika amekaa kwenye kigoda, gauni lake limelowa damu kifuani, mdomo umejaa majivu na asali, anadondosha mate kwa sababu hawezi kumeza. Gasto alikuwa ananawa mikono.

"Nimekurahisishia," akasema. "Kamwambie daktari wako kazi imekwisha."

Nimesikia watu wakisimulia kwamba siku za namna hii walipiga kelele au waliokota kitu. Mimi sikufanya chochote cha kusimulia. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua unga wangu, nikatembea hadi barabarani. Nyuma yangu nilimsikia akimuuliza jirani kama ameona mwanamke asiye na shukrani namna hii.

Alikuwa amekata nini, ikiwa kimeo hakikuwepo? Daktari bingwa, mwanamke anayeitwa Flora, alimtazama Dorika Jumanne akaniambia: alikuwa amekwangua ule ukingo laini wa nyuma ya paa la mdomo, akagusa na findo moja. Kidonda kimeshaanza kuvimba na kuchafuka. Homa ilikuwa juu. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akakunja glavu zake polepole.

"Mama, nilikuwa na nafasi yake kesho. Siwezi kumpasua hivi. Atatoka damu, na uchafu utaingia kifuani."

"Na ninyi mnaondoka Ijumaa."

"Tunaondoka Ijumaa. Apone kwanza. Baada ya wiki sita umlete Dodoma, nitamfanya mimi mwenyewe. Lakini hizo wiki sita asilale chali. Mlaze ubavu, kichwa kiinuke. Na akae mbali na huyo fundi."

Wiki sita. Mtu mmoja mwenye kisu kama kucha ya kuku alikuwa amempa mjukuu wake wiki sita za kunyongwa, na alikuwa kanisani Jumapili akikusanya sadaka.

Sikurudi kwake. Kaka yangu Paschal anakaa Kiomboi nyuma ya soko, akatupa chumba. Dorika alilazwa siku nane kwa ajili ya kidonda, kisha nikamtunza pale. Nilimwegemeza kwenye gunia la pumba, nikakaa mkono wangu ukiwa begani mwake, pumzi ikikatika namgeuza. Nililala mchana, kwa vipande, kama bata.

Wiki ya nne wakaja. Gasto, na Mzee Simoni, mzee mwenzake wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye nilikuwa sina ugomvi naye ila kwamba alikuwa mmoja wa wale waliosimama na vikombe vya chai Jumapili. Walikuja saa nane mchana wamevaa makoti. Nikawaamkia, nikawatolea viti. Dorika alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka chini ya ukuta.

"Mama Dorika," akaanza Simoni, "tumekuja kwa amani. Mtoto ana kwao."

"Ndiyo, Baba."

"Mambo ya Dodoma ni makubwa. Kumlaza mtoto wa watu kwa dawa, kumkata koo, na baba yake hayupo. Mzee anasema ukoo haujaridhia."

"Ukoo uliridhia alipokatwa Jumatatu ile?"

Gasto akakohoa. "Unaona," akamwambia Simoni, "ndiyo mdomo wenyewe huo. Mwanangu alikimbilia Kahama si bure."

"Alikimbilia Kahama bila kukuuliza, Baba," nikasema. "Ndiyo kitu pekee alichowahi kufanya bila kukuuliza, na hata hicho kaharibu."

Paschal alitoka nje kwenda kucheka. Simoni akatazama kofia yake. Ndipo Dorika akaanza. Gogo kwenye changarawe.

Uso wa Gasto ukalainika. Kweli ukalainika, kama Jumapili. "Msikie," akasema. "Mama yangu."

"Wazee wangu," nikasema, "ninyi mnapenda kumsikiliza. Leo msikilizeni mpaka mwisho. Msiongee."

Nikahamia mkekani, nikaweka mkono begani mwake kama kawaida. Akakoroma mara tano, mara sita. Kisha mlio ukakatika.

Simoni alikuwa anatabasamu kwa adabu. Akaendelea kutabasamu kidogo. Kifua cha mtoto kikavutwa ndani, kikavutwa tena, mbavu zikajichora kwenye gauni. Hakuna sauti. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza vifo. Simoni akaacha kutabasamu. Akainamia mbele, mikono magotini.

"Hapumui," akasema.

"Anapumzika," nikasema. "Si ndivyo, Baba?"

Gasto akafunga kifungo cha koti.

"Mama Dorika, mtoto hapumui."

"Mlikuwa mnaenda kuongeza sukari kwenye chai, Mzee Simoni. Sehemu hii mlikuwa hamuioni."

Simoni akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Mkono wangu tayari ulikuwa umemgeuza. Dorika akashtuka, akavuta hewa kwa ule mlio wa aliyetolewa mtoni, akafumbua macho, akawaona wazee wawili wenye makoti.

"Shikamoo Babu," akasema, na usingizi ukamrudisha kabla hajajibiwa.

Simoni aliokota kiti chake lakini hakukikalia. Alimgeukia Gasto akasema naye kwa Kinyiramba, maneno machache, na mimi sitayasimulia kwa sababu alikuwa anamwambia mzee mwenzake na si mimi. Yalitosha kumfanya Gasto achukue kofia. Pale mlangoni Simoni akarudi hatua moja.

"Mpeleke," akasema. "Ukoo ukiuliza, sema Simoni ameridhia."

Nilimshukuru kwa kuinama. Moyoni nilijiambia: miaka mitatu ya Jumapili, na mtu mzima mwenye masikio mawili hakuwahi kungoja mpaka mlio ukatike.

Dodoma tulikwenda kwa basi, Paschal ameuza alizeti zake. Gasto hakutoa hata yai. Muuguzi pale alinipa karatasi.

"Baba wa mtoto yuko wapi?"

"Kahama."

"Anajua?"

"Sijui anachojua, mwanangu."

"Utasaini?"

"Nitaweka dole."

Alinisomea karatasi yote polepole, kwamba watamlaza kwa dawa, kwamba anaweza kutoka damu, kwamba watamwangalia usiku kucha baada ya upasuaji kwa sababu watoto wa namna hii wanahitaji kuangaliwa. Nikabonyeza dole langu kwenye wino. Katika maisha yangu nilikuwa nimeweka dole mara nyingi kwenye vitu ambavyo wengine walishaamua. Hiki niliamua mimi.

Daktari Flora aliniambia kabla hajaingia kwamba mafindofindo atayatoa yote, lakini zile za nyuma ya pua atazipunguza kwa uangalifu tu, akiacha kidogo. Kwa kuwa kimeo hakipo na ukingo umekwanguliwa, akisafisha sana chakula kitampanda puani na sauti itatokea puani maisha yote. "Babu yake amenipunguzia nafasi ya kufanya kazi," akasema. Ndivyo watu waliosoma wanavyotukana.

Haikuchukua hata saa moja. Siku za kwanza alilia, hakutaka kumeza hata mate, nilimbembeleza kwa uji mwepesi uliopoa, kijiko kwa kijiko. Wiki nzima masikio yalimuuma ingawa hakuna aliyeyagusa. Wiki ya pili akaomba ugali. Analala kifudifudi sasa, mdomo umefungwa, na mwalimu wake mpya wa hapa Kiomboi amemhamishia dawati la mbele kwa sababu ya kelele.

Hapo ndipo ningemaliza, kama Gasto angekuwa mtu wa kuona haya. Lakini mwezi uliopita Mwalimu Severina alipita Kiomboi akanieleza kinachosemwa Kinampanda. Mzee anasema madaktari wa Dodoma walikuta kazi ngumu imeshafanywa. Walimalizia tu. Yeye ndiye aliyefungua njia. Na wateja wameongezeka.

Nilichukua pikipiki na Dorika siku ya Jumamosi, siku yake ya kukata. Walikuwepo akina mama wanne kwenye benchi, watoto mapajani, kuku wamefungwa miguu chini. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa. Nikamwamkia. Akaniitikia kwa furaha, kama mtu aliyeletewa ushahidi.

"Huyo hapo," akawaambia. "Mtazameni alivyonenepa."

"Dorika," nikasema, "fungua mdomo, mwanangu. Waoneshe hawa mama zako."

Alifungua. Amezoea, madaktari wamemfungua mara nyingi. Nikamgeuzia juani, nikawaita mmoja mmoja. Hapa, nikawaambia, ndipo ugonjwa ulipokuwa, pembeni, kulia na kushoto, na daktari ameutoa. Na hapa katikati ndipo alipokata Baba, mara mbili. Angalieni alichokuwa anakikata. Mara ya kwanza nilimshika mimi mwenyewe, kama mnavyowashika hao. Mara ya pili karibu aniulie mtoto.

Mmoja, msichana mdogo, pengine ni mtoto wake wa kwanza, alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kuku wake, akaondoka bila kuaga.

Wengine watatu walirudi kwenye benchi. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba wa kwake ni tofauti, wa kwake ni kimeo kweli.

Gasto alinawa mikono. Akainamisha kichwa, akaanza kuomba, na wale watatu wakafumba macho pamoja naye. Dorika akaniuliza kama na yeye afumbe. Nikamwambia hapana, akae macho wazi. Nikamshika mkono, tukatoka tukamfuata yule msichana, ambaye alikuwa bado hajafika mbali, ili nimwelekeze hospitali ilipo na dirisha la kuanzia.